Pepeta ya Mwezi Mpevu

Jumapili, 8 Septemba 2024

Tumehamia shamba. Nyumba ya marehemu mama hapa Kwemdimu ilifungwa tangu Machi na popo walishaifanya yao, kwa hiyo siku nzima tumefagia. Mpunga tuliopandikiza mwezi uliopita umeshika. Maji ya mfereji yanakuja, ingawa kidogo. Tutakaa huku mpaka mavuno, mimi, mkwe wangu na mjukuu.

Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja, na kila jioni niliandika andalio la somo. Tangu nistaafu mkono unawasha. Daftari hili ni la kuukuna.

Mkwe wangu ni mtu wa Kambodia. Mwanangu Badru alikuwa fundi wa injini melini. Walikutana Malaysia, mkwe wangu alikokuwa akipika katika mgahawa. Wakaoana, akamleta Tanga akiwa na mimba ya Mariya. Jina la kwao ni Chenda. Wazee wa Kidigo pale kwetu Mabawa walicheka sana, maana kwao chenda ni tisa. Siku aliposilimu mbele yao alipewa jina la Asmahani, na mimi humwita hilo.

Badru alifariki mwaka jana, mwezi wa tano, akiwa nyumbani likizo. Aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka.

Jumatano, 11 Septemba

Palizi. Asmahani ana kasi kunishinda, na wala hainui kichwa. Maneno matano kutwa nzima.

Jumamosi, 14 Septemba

Tulikuwa tunakula muhogo barazani Asmahani aliponiambia, kwa Kiswahili chake cha mkato, kwamba tiketi imepatikana. Tarehe ishirini na nne.

"Tiketi ya nani?"

"Mimi na Mariya. Kwetu kuna siku kumi na tano za wafu. Mama yangu alikufa, sijampelekea chakula hata mara moja. Baba yuko peke yake."

"Mtarudi lini?"

Alimtoa Mariya uzi wa muhogo mdomoni, akaufuta mkono wake kwenye kanga. "Sijui, Mama."

Nikamwambia ni haki yake. Eda ilikwisha zamani, hakuna wa kumzuia. Nilisema hivyo kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya kumpongeza mtoto aliyefaulu. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefanya jambo. Nitaliandika kesho.

Jumatatu, 16 Septemba

Sijaliandika. Jua kali, mfereji umepungua.

Jumanne, 17 Septemba

Nimechukua paspoti ya Mariya. Badru alimkatia miezi miwili kabla ya kufariki, walitaka kwenda wote. Ilikuwa kwenye mkoba wa Asmahani, ndani ya bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa. Cheti nimekiacha. Paspoti iko ndani ya foronya ya mto ninaolalia.

Mariya ana miaka mitano. Ana masikio ya Badru, na anapokasirika hukunja kidole gumba ndani ya ngumi kama yeye. Nilimzaa mtoto mmoja tu. Huyu akienda, nitabaki na nini cha kuangalia?

Nimeandika. Haikunipunguzia kitu.

Ijumaa, 20 Septemba

Asmahani ameanza kuitafuta. Nimemsaidia kutafuta.

Jumanne, 24 Septemba

Leo ndiyo siku waliyokuwa waondoke. Alikwenda Tanga mara mbili wiki hii, polisi na Uhamiaji. Wakamwambia kupata nyingine kunahitaji karatasi nyingi, pamoja na barua ya upande wa baba wa mtoto. Amerudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Mariya akamuuliza, "Ndege imeondoka?" Akajibu, "Imeondoka."

Hakulia. Angelia labda ningempa.

Jumatano, 2 Oktoba

Niliamka kutawadha kwa ajili ya alfajiri nikasikia mlango wa nyuma. Nikachungulia. Asmahani alikuwa amesimama ukingoni mwa jaruba la mpunga, ana sinia. Anachukua tonge za wali alizozifinyanga, anazirusha moja moja gizani, huku akisema maneno ya kwao.

Nilidhani ni uchawi. Baada ya swala nikamkabili jikoni.

"Unarushia nini chakula?"

"Leo ni siku ya mwisho ya wafu," alisema. "Kwetu tunasema wafu wenye njaa wanaachiliwa siku hizi. Wanatafuta ndugu zao pagoda saba, mahekalu ya kwetu. Wakikosa mtu wa kuwapa chakula pagoda zote saba, wanalia, wanarudi na njaa mwaka mzima. Baba ni mgonjwa wa magoti. Ameniambia kwenye simu amefika tatu tu."

"Na wewe unadhani mama yako atakuja huku Kwemdimu?"

"Hapana. Ni mbali." Akaweka sinia chini. "Nimerusha tu ili mikono yangu isikae bure."

Nilitaka kumwambia kwamba sisi pia tuna siku za kuwasomea wafu wetu, kwamba Badru namsomea Yasini kila Ijumaa. Mtu aliyeiba hana haki ya kufariji.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya vuli bado. Mawingu yanakuja kutoka baharini, yanatupita, yanakwenda kunyesha Amani, kule milimani.

Alikuja shemeji yangu Hemedi, mdogo wa marehemu mume wangu. Asmahani akamwamkia vizuri, "Shikamoo, baba mdogo," akamletea kahawa. Alipotoka kwenda shambani, Hemedi akasogeza kiti.

"Shemeji, nimesikia anataka kumpeleka mtoto kwao. Yeye aende, hatujamfunga kamba. Mtoto ni wa Badru. Akifika huko atalelewa kwenye masanamu, na jina la ndugu yetu litapotea. Barua ya upande wa baba ni mimi wa kuiandika, na siandiki."

"Sawa," nikasema.

Ilinipa furaha, nakiri hapa. Nilifurahi kama mtu aliyepata mshirika. Kisha nikamtazama Hemedi akinywa kahawa ya yule mwanamke huku akimpangia, nikaona sura yangu mwenyewe imekaa pale kwenye kiti.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua bado.

Jumapili, 20 Oktoba

Bado. Mpunga umetoa masuke kwa taabu. Praxeda, jirani yetu mwenye majaruba ya upande wa pili wa mfereji, amesema kanisani wameiombea mvua. Nikamwambia hata msikitini.

Alhamisi, 24 Oktoba

Imenyesha. Ilianza kama mtu anayetupia mchanga batini, kisha ikaja yote. Mariya alikimbia nje uchi. Asmahani naye akatoka, akasimama katikati ya uwanja na nguo zake, kichwa juu, anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka tangu tumzike Badru. Ni kicheko kinene, si cha mtu mdogo kama yeye.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku nzima tumeamia ndege. Kwelea wamekuja kama moshi. Tumefunga kamba zenye makopo kutoka kibanda hadi mwisho wa jaruba, mmoja anavuta, mwingine anapiga kelele. Katikati ya siku ndege walipungua tukakaa kibandani, Mariya akalala mapajani mwangu. Nikamuuliza Asmahani kwao saa hizi wanafanya nini.

Akasema kwao kuna mto mkubwa unaotoka kwenye ziwa. Mvua zikizidi, maji ya mto mwingine huusukuma, nao huanza kupanda kurudi ziwani. Samaki huingia hadi mashambani. Mvua zikiisha, mto hugeuka tena kuelekea baharini. Mwezi mpevu wa kipindi hicho ndiyo sikukuu. Watu hushindana mitumbwi mirefu siku tatu, na usiku hushukuru mwezi kwa mpunga mpya.

"Mto unarudi ulikotoka?" Nilifundisha jiografia, sikuwahi kusikia.

"Unarudi kila mwaka. Nikiwa mdogo nilifikiri mito yote iko hivyo. Nilipofika Tanga nilimuuliza Badru, mto wa hapa unageuka mwezi gani? Alicheka mpaka akakaa chini."

Tukacheka wote wawili. Nilimwona Badru waziwazi, amekaa chini, anapangusa macho. Miezi kumi na saba nimemlilia kama vile ni wangu peke yangu.

"Mwaka huu sikukuu ni lini, Chenda?" nikauliza.

Aligeuka haraka. Ni mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Tarehe kumi na tano Novemba," akasema.

Jumamosi, 9 Novemba

Mpunga wa jaruba la juu umeanza kushika unga, punje zikibinywa hazitoi tena maziwa. Chenda aliomba akate kidogo, kabla haujakomaa.

"Wa nini?"

Akaeleza kwa mikono zaidi kuliko maneno: unakaanga ukiwa na maganda, unautwanga ukiwa moto mpaka ulale bapa, unapepeta, unakula na ndizi na nazi. Kwao wanaita ambok.

Nikabaki nimemkodolea macho. "Hiyo ni pepeta. Mama yangu alikuwa akiifanya hapa hapa, kwenye uwanja huu. Tulikuwa tunapigania makoko ya chungu."

"Pepeta," alirudia, na akaniangalia kana kwamba ndipo kwanza tunakutana.

Kinu cha mama kiko nyuma ya nyumba, kuku wanalalia. Nimekiosha.

Jumanne, 12 Novemba

Sipati usingizi. Mto ninaolalia una kitu kigumu ndani yake, kila nikigeuka kinanigusa shavu. Hata nikikihamishia kwingine bado nitakisikia.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika haya Jumamosi asubuhi, lakini ni ya jana.

Mchana tulikata mpunga vikapu viwili. Praxeda alikuja kusaidia na kuleta mchi wa pili. Chenda akakaanga kwenye chungu kipana, mimi na Praxeda tukatwanga kwa kupokezana. Ukikosea kidogo michi inagongana, kwa hiyo lazima umsikilize mwenzako. Ile harufu ilipopanda, harufu ya majani mabichi na moto, nilirudi kuwa na miaka saba. Mikono ilikumbuka yenyewe. Praxeda akasema, "Mama Badru, kumbe una nguvu hivi, na kila siku unalalamika kiuno." Chenda akapepeta kwa ungo, na punje zikabaki bapa, za kijani, laini kama magamba ya samaki.

Jua lilipozama, mwezi ulitoka juu ya minazi ya kwa Praxeda, mkubwa na mwekundu, ukapanda ukawa mweupe. Chenda alikuwa ametandika mkeka uwanjani. Akaweka pepeta, ndizi, nazi iliyokunwa, dafu moja na mishumaa. Akaikamata mishumaa miwili akaizungusha polepole juu ya jani la mgomba, nta ikadondoka matone matone. Mariya akahesabu. Wakulima wa kijijini kwao husoma matone hayo, Chenda akasema: mengi ni mvua nyingi mwaka ujao, machache ni ukame.

"Na haya?" nikauliza.

"Mvua itatosha."

Kisha akakutanisha viganja, akaviinua hadi kwenye paji la uso, mara tatu, akiutazama mwezi. Nilikuwa nimeogopa jambo hili wiki nzima, na Hemedi angekuwepo angepindua mkeka.

"Unauomba?" nikamuuliza, taratibu, ili mtoto asishtuke.

"Siombi, Mama. Nashukuru. Mpunga umekua kwa maji, na mwezi ndio unaoita maji. Bibi yangu alisema, mtu asiyeshukuru chakula ataomba chakula." Akafikiri. "Wewe ukimaliza kula unasemaje?"

"Alhamdulillahi."

"Basi."

Yapo ya Mungu ambayo sitayamaliza mimi kwa kubishana uwanjani. Nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo, kwa mpunga wangu, na kwa aliyeuumba mwezi.

Baadaye ikaja desturi ya mwisho, ambayo Mariya alikuwa anaingoja. Mtu hufumba macho, mwenzake humjaza kinywa pepeta na ndizi mpaka mashavu yavimbe, kisha humuuliza anataka nini mwaka ujao. Aliyejazwa hawezi kutamka. Watu hucheka, ila kile alichotaka kusema hubaki ndani yake. Mariya alianza yeye, akatoa sauti kama bata. Kisha zamu yangu.

Nilifumba macho. Vidole vya Chenda vilinilisha kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Ilikuwa tamu. Nikamsikia akiuliza, "Mama, unataka nini mwaka huu?"

Nilitaka kusema wasiende. Nikashindwa kusema, nikashindwa kumeza, machozi yakaanza kutoka na kinywa kimejaa. Mariya akaacha kucheka.

Niliinuka nikaingia ndani. Niliipasua foronya kwa sababu vidole havikupata mwanya. Nikarudi nikaiweka paspoti mkekani, kati ya ndizi na mshumaa.

Chenda aliifungua. Aliangalia picha ya mtoto muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tano Septemba. Siku moja baada ya kuniambia."

"Ulinisaidia kutafuta," akasema. "Ulitoa magodoro nje. Ulinifuta vumbi usoni nilipotoka Tanga."

"Ndiyo."

"Baba alikaa pagoda akitazama mlango. Kila gari likisimama alisimama. Ana magoti mabovu, na alisimama."

Nikasema nisamehe. Neno lilitoka dogo. Hakupaza sauti hata kidogo. Alizima mishumaa, akamfunga Mariya mgongoni kwa kanga, akavuka mfereji kwenda kwa Praxeda. Nilisimama nikiwatazama wakipita juu ya ukingo wa jaruba, na mwanga ule ulikuwa mwingi kiasi kwamba niliona hadi nyayo za miguu ya mtoto.

Jumapili, 17 Novemba

Wako kwa Praxeda. Nimepika, nimekula peke yangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Praxeda alikuja kuchukua nguo za mtoto. Nikamwambia yote. Akasema, "Mimi mume wangu alinikataza kwenda kumzika mama, kwa sababu ya msimu wa kuchuma chai. Nimeishi naye miaka ishirini baada ya hapo, na hajui kwamba bado nakumbuka. Wewe angalau umesema."

Jumatano, 20 Novemba

Hemedi alikuja amechachamaa, keshasikia. Alisema hata paspoti ikiwapo, bila barua yake mtoto hapiti Uhamiaji, na kwamba nisimwaibishe kaka yake, mume wangu, kaburini.

Nikamwambia, "Badru aliikata paspoti hiyo kwa mkono wake. Alitaka mtoto akaione nyumba ya babu yake. Aliyemwaibisha ni mimi, nilipoificha. Barua nitaandika mimi. Ni bibi wa mtoto, na nina akili zangu."

"Na dini yake?"

"Mama yake alisilimu mbele yako, Hemedi. Kama hukumwamini siku ile, ulikuwa unakula pilau ya nini?"

Aliondoka bila kumaliza kahawa.

Alhamisi, 21 Novemba

Ofisi ya mtendaji wa kata, Muheza. Foleni tangu saa mbili. Nimesaini, nimeweka alama ya dole gumba. Barua nimempelekea Chenda mwenyewe, kwa mikono miwili. Aliipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema. Hakunikaribisha kukaa.

Jumatatu, 25 Novemba

Mpunga umekuwa wa dhahabu. Chenda alishuka shambani asubuhi bila kuniambia, akavuna safu ya pembeni mpaka saa sita, akaondoka.

Alhamisi, 28 Novemba

Wameondoka. Basi la Dar lilipita Muheza saa tatu. Mariya alikuwa na furaha ya ndege, hakuelewa kwa nini namshika muda mrefu. Chenda alipandisha mizigo, kisha akateremka tena. Nilidhani kasahau kitu.

"Mama, bado sijakusamehe," alisema. "Sitaki kusema uongo njiani. Ikija, nitakwambia."

"Hata isipokuja, niambie mmefika."

Akatikisa kichwa kukubali. Basi likaondoka. Wauza machungwa walinipisha nikae kwenye kreti lao.

Jumapili, 1 Desemba

Ujumbe: "Tumefika. Baba amembeba Mariya."

Jumatano, 4 Desemba

Tunavuna. Mimi, Praxeda, na wanawake wanne wa kijiji. Magunia kumi na mawili hadi sasa.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumemaliza. Shamba lililovunwa lina sauti ya peke yake, upepo ukipita kwenye mabua. Kila kitu humu ndani kiko pale ninapokiacha. Hakuna anayekihamisha.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo sikuzungumza na mtu.

Jumanne, 17 Desemba

Saa tisa alasiri nilikuwa naanika mpunga, simu ikalia. Ni Chenda. Tangu afike alikuwa akituma maneno tu, hakuwahi kupiga.

"Mama, Mariya ana homa. Daktari ameona, si mbaya. Lakini hataki kulala. Anasema umwambie ya sungura aliyekwenda kuchota maji. Mimi siijui yote. Na baba anajua lugha yetu tu, Kikhmer."

Nikauliza huko ni saa ngapi. Saa moja usiku. Akaiweka simu karibu na mtoto. Nikakaa pale kwenye jamvi, miguu ndani ya mpunga, nikaanza hadithi. Nilimsikia akisema "Bibi" mara moja, kwa sauti ya homa. Nilimsimulia sungura, nikamwongezea kobe na mamba, nikarudia kisima mara tatu, mpaka pumzi zake zikawa ndefu.

Nilingoja Chenda aseme tumalize. Hakusema, na hakukata. Kwenye simu niliisikia nyumba nisiyoijua: sahani zikioshwa, mzee akikohoa, mbwa wa mbali. Kisha Chenda akasema pole pole, karibu kabisa na simu, "Amelala. Kaa kidogo, Mama."

Nikakaa. Jua liliondoka kwenye jamvi, kuku wakaja wakaanza kula mpunga, nikawaacha wale.